Ghala la nafaka limegeuzwa hoteli, harufu ya pumba inarudi kila mvua. Ni ukuta, mbao au bomba?

#1 TofaliLaBusoga
Salaam wote. Kuna ghala la zamani upande wa Busoga, Uganda, la enzi za pamba na mahindi, kando ya reli. Limegeuzwa hoteli ya vyumba 18. Kuta ni tofali za kuchoma, unene sentimita 45, zimeungwa kwa udongo wenye chokaa kidogo. Sakafu mbili za juu ni mbao juu ya boriti za mvule. Pembeni ipo minara miwili ya zege ya duara, na mwenye mali anataka kuitia vyumba baadaye.

Kiangazi jengo halina neno. Mvua ya Machi ikishika, na tena ile ya Septemba, vyumba vya chini vya nyuma vinatoa harufu ya pumba iliyovunda. Korido ya ghorofa ya kwanza nayo inanuka, ila kwa namna nyingine, kama gunia la zamani. Paa limekaguliwa, halivuji. Kuta zilipigwa plasta ya simenti na rangi ya mafuta, na sasa rangi inafura malengelenge hadi kimo cha kiuno.

Msimamo wangu: ukuta unavuta maji ya ardhini na nafaka ya miaka mingi imeingia ndani ya tofali. Dawa ni kubandua na kupiga plasta ya kuzuia maji. Mwenye hoja tofauti aiweke hapa.

#2 MtuWaTororo
Plasta ya kuzuia maji juu ya tofali laini? Hapo umemziba mgonjwa mdomo ukadhani umetibu homa.

Ukuta wa namna hiyo hauna dampu chini, yaani tabaka la kuzuia unyevu usipande. Unavuta maji, kisha unayatoa kwa kupumua kupitia viungo vya udongo na chokaa. Ukiupiga simenti na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Ndiyo maana alama yako iko kiunoni. Ukipiga ya kuzuia maji itafika dirishani.

Fanya hivi. Bandua plasta mpaka sentimita 50 juu ya alama ya unyevu, nje na ndani. Kwangua viungo kina cha sentimita 2. Nje, shusha ardhi iwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15, maana majengo haya yamefukiwa na miaka ya udongo na changarawe, kisha weka mfereji unaopeleka maji mbali. Halafu subiri. Makadirio ya mafundi wa majengo ya kale ni sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, hivyo ukuta wa 45 unaokauka pande zote mbili utataka karibu miezi tisa. Mwenye hoteli hapendi kusikia hivyo, najua.

Ukishakauka, plasta ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga mkali uliooshwa. Safu isizidi milimita 12, na kila safu ifunikwe gunia bichi siku kadhaa isikauke kwa haraka. Chokaa ya Tororo au ya Muhokya kule Kasese, zote zinafaa zikilowekwa vizuri. Juu yake paka chokaa, siyo rangi ya mafuta.

#3 MamaGunia
Mzee wa Tororo kasema vyema kuhusu plasta, lakini harufu ya pumba haikai kwenye tofali. Pumba inanuka kwa sababu pumba ipo. Itafuteni.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, hicho ndicho kipimo cha Afrika Mashariki. Vumbi la nafaka lililobaki kwenye pengo halipimwi na mtu. Hewa ya ndani ikivuka unyevu wa asilimia 70 hivi, vumbi lile linanyonya na ukungu unaamka. Mvua ikikatika linakauka, harufu inalala. Huo ndio mwendo wako wa Machi na Septemba, wala hauhitaji maji ya ardhini.

Mahali pa kutafuta: shimo la ndoo zilizokuwa zikipandisha nafaka, ambalo mara nyingi hufukiwa kwa kifusi na kupigwa sakafu juu. Mfereji wa mkanda chini ya sakafu. Nafasi kati ya mbao za sakafu na dari ya chini yake. Vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Na ile miteremko ya mbao ya kushushia magunia, mafundi huifunga kwa ubao na kuiita kabati. Chumba kinachonuka zaidi, pima kiko umbali gani na shimo la ndoo.

#4 FundiBombaMbale
Mnachimba ukuta, mnang'oa sakafu, hakuna aliyeuliza kuhusu tundu la maji la bafuni.

Trapu, ule mpindo wa bomba unaoshika maji ili kuzuia hewa chafu, ina maji ya sentimita 5 tu. Chumba kisipolala mgeni wiki chache, yanakauka na hewa ya bomba inapanda. Mgeni hasemi "maji taka", anasema "harufu ya kuoza". Mwageni ndoo kila tundu, subirini siku mbili.

#5 TofaliLaBusoga
Asanteni. @FundiBombaMbale, vyumba vya nyuma ndivyo vya bei nafuu, vinalala watu karibu kila siku, trapu hazikauki. @MamaGunia, shimo la ndoo lilikuwa upande wa nyuma kweli, kwa michoro iliyopo. Sijui lilifukiwa kwa kitu gani.

#6 FundiBombaMbale
Swali moja: maji ya paa yanaishia wapi?

#7 TofaliLaBusoga
Yanashuka kwa mabomba mawili ya nyuma, yanaingia chemba.

#8 FundiBombaMbale
Chemba ya mvua au ya maji taka?

#9 TofaliLaBusoga
Chemba iko moja.

#10 FundiBombaMbale
Haya, mshtakiwa kajileta.

Paa la ghala ni kubwa. Chukua mita za mraba 400, mvua ya milimita 40 kwa saa: hizo ni lita 16,000 ndani ya saa moja, zinaingia kwenye bomba la inchi 4 lililowekwa kwa ajili ya vyoo. Bomba linaweza kujaa kabisa. Maji yanayokimbia yakilijaza bomba yanavuta hewa nyuma yake, na uvutano huo unanyonya trapu za vyumba vya chini vya karibu. Mbele ya maji hewa chafu inasukumwa, inabubujika kupitia trapu za jirani. Kwa hiyo trapu inakauka siku ya mvua, hata kama mgeni kaoga asubuhi.

Tenganisha. Maji ya paa yaende kwenye tangi au mfereji wake. Kila bomba la wima la vyoo liwe na bomba la hewa linalopita juu ya paa. Ghala huwa halina, kwa sababu mafundi hawataki kutoboa mabati ya zamani, wanalikatia darini. Likikatiwa darini hewa yote inabaki ndani ya jengo.

#11 Mvule
Nimesoma yote na naona mnachanganya harufu mbili. Mwenye uzi kasema wazi: chini pumba, juu gunia la zamani. Ya chini gombaneni. Ya juu ni mbao.

Siyo mvule yenyewe. Mvule ni mbao ngumu, haikupakwa kitu. Lakini mbao za kuzibia, papi na ngazi zilizoongezwa miaka ya baadaye mara nyingi ni mbao laini, zikapakwa dawa ya mchwa. Dawa za zamani zenye pentaklorofenoli zina tabia mbaya: ukungu ukiila mbao yenye unyevu, unaigeuza kuwa kloroanisoli, kitu chenye harufu ya gunia na stoo iliyofungwa. Kiasi kidogo kabisa kinatosha pua kukisikia, na kinaingia kwenye mapazia na shuka. Nchi za baridi kaskazini wamepata tabu na nyumba nzima kwa sababu hiyo.

Kipimo cha bure: chonga vipande vya mbao kutoka boriti ya asili, mbao ya sakafu na papi mpya. Kila kimoja kwenye chupa yake ya kioo, tone mbili za maji, funga, weka mahali pa joto mpaka kesho. Fungua na unuse. Mbao yenye dawa itajitaja.

#12 MamaGunia
Sawa, ila ongeza na dawa za nafaka. Sakafu za ghala zilinyunyiziwa unga wa kuua dumuzi na fukusi mwaka baada ya mwaka, na dawa za zamani za jamii ya DDT na lindeni hazitoki kwa maji na sabuni. Kwa hiyo msipige msasa mbao za sakafu mkafurahia rangi yake nzuri huku vumbi linaingia vyumbani. Mashine yenye mfuko wa kunyonya, barakoa ya kweli, mabaki kwenye mifuko iliyofungwa.

Na mtu asije hapa kusema ni vidonge vya kufukizia. Vile hutoa gesi ya fosfini, hatari sana kwa siku chache, lakini inaondoka, na kinachobaki ni unga wa kijivu usionuka. Hauwezi kusubiri miaka kisha ukaamka na mvua.

#13 AskariWaZamu
Mimi naona suluhisho rahisi. Hoteli iitwe "Pumba", kifungua kinywa uji na posho, harufu iandikwe kwenye bei.

#14 MtuWaTororo
@AskariWaZamu wewe rudi getini.

#15 Nondo16
Nitajibu kuhusu minara kabla watu hawajaanza kuikata.

Kwanza usalama. Mnara uliofungwa hauingiwi bila kupima hewa. Oksijeni chini ya asilimia 19.5, mtu asishuke. Nafaka iliyoganda huwa inaunda daraja, juu ngumu chini tupu, na mtu akilikanyaga linafunguka. Pili, vumbi. Kabla ya kuchomelea au kukata chuma chochote, nyonyeni vumbi lote kwa mashine, msifagie. Kufagia kunalirusha hewani, na vumbi la nafaka hewani ni baruti. Kinu cha Washburn A kule Minneapolis kililipuka 1878 na kuua watu 18.

Sasa ukuta. Mnara wa nafaka una nondo nyingi za mlalo, kama pete, kwa sababu nafaka inasukuma nje. Mhandisi Mjerumani Janssen alionyesha mwaka 1895 kwamba msukumo huo hauongezeki sawasawa na kina kama maji, maana msuguano wa ukuta unabeba sehemu ya uzito. Uzito ule unashuka kwa ukuta. Ukikata dirisha unakata pete. Wengi wanaogopa hapo.

Lakini nafaka haipo tena. Msukumo umeondoka na pete hazina kazi ile. Kinachobaki ni ukuta mwembamba unaobeba uzito wake na slabu mpya. Hofu yako iwe ukuta kupinda pembeni mwa tundu. Utaratibu: mimina slabu za sakafu kwanza, kila mita 3, ziushike ukuta. Funga fremu ya chuma kuzunguka alama ya dirisha. Toboa pembe nne kwa mashine ya duara ya milimita 100, kisha kata kwa msumeno wa almasi kati ya matundu hayo, ili nyufa zisianzie kwenye pembe kali. Nyundo kubwa marufuku. Madirisha yawe membamba na marefu, na ya ghorofa moja yasipangane wima na ya chini yake.

Kabla ya yote nyunyiza finoftalini, dawa ya maabara inayobadili rangi, kwenye zege lililovunjwa karibuni. Likigeuka waridi, zege bado linalinda nondo. Likibaki bila rangi mpaka kwenye chuma, kutu imeshaanza au iko njiani.

#16 NyumbaZaKale
Ahsante Injinia. Cape Town wamefanya hivyohivyo, vyumba vya hoteli ndani ya mirija ya silo (ghala la minara ya nafaka) la 1924, madirisha ya kioo kilichofura. Copenhagen nao wana hoteli ndani ya silo mbili za duara.

#17 Nondo16
Rekebisha, ndugu. Cape Town mirija 42 iligeuzwa jumba la sanaa, Zeitz MOCAA, lililofunguliwa 2017. Hoteli yenye vyumba 28 iko juu, kwenye mnara wa mashine za kupandishia nafaka, na vile vioo vilivyofura viko huko. Katika mirija ukuta ulikuwa mwembamba mno kukatwa hovyo, wakamimina koti jipya la zege ndani yake kwanza, ndipo wakachonga ukumbi.

#18 Mvule
Na Copenhagen umeunganisha majengo matatu. Hoteli ya Admiral ni ghala la 1787 la mstatili, boriti za msonobari, lilifunguliwa kama hoteli 1978. Silo mbili za duara ni Gemini, zilizogeuzwa 2005, na ni makazi ya watu. Tena hapo Injinia asikilize: makazi yale yametundikwa nje ya silo, kwa sababu kutoboa ukuta kwa milango mingi kungeudhoofisha. Ndani wameacha wazi, ngazi na lifti. Ghala la tatu, la mtaa wa Nordhavn, nalo ni makazi.

#19 Nondo16
Gemini nawajua. Wao walitaka nyumba pana zenye mbele ya kioo, ndiyo maana wakatoka nje. Akron, Ohio, silo 36 za 1932 za kampuni ya Quaker Oats zilitiwa vyumba ndani, duara kabisa, hoteli ikafunguliwa 1980. Oslo silo la 1953 ni hosteli ya wanafunzi tangu 2001. Inawezekana.

#20 Mvule
Ile ya Akron ilinunuliwa na chuo kikuu 2007 ikawa bweni. Sijui ni duara lililowachosha wageni au biashara tu.

#21 NyumbaZaKale
Duara linachosha fundi wa samani kwanza. Mnara wa kipenyo cha mita 6 ndani unatoa mita za mraba 28, karatasini unapendeza. Lakini kabati la upana wa mita 1.8 likiegemea ukuta linaacha pengo la sentimita 14 nyuma yake, na humo ndimo vumbi na panya. Kitanda kiegemee ukuta mmoja mnyoofu wa bafu, bafu likae katikati kama kipande cha keki. Na sauti: ukuta wa duara unairudisha pale katikati, mtu akikohoa anasikia kikohozi chake. Mapazia mazito na rafu za vitabu zinapunguza.

#22 Aber_Gulu
Mbona mnakwenda hadi Oslo. Ghala letu la Acholi, dero, ni kapu la fito lililokandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, limekaa juu ya mawe au magogo, na paa la nyasi linainuliwa kama kofia unapochota. Limeinuliwa ili hewa ipite chini na mchwa aonekane anapopanda. Siku hizi kambi za watalii wanajenga vibanda vya kulala kwa umbo la dero, halafu wanalikalisha chini kwenye simenti. Umbo wamechukua, akili wameiacha.

#23 MamaGunia
Dada Aber kagusa jambo la jengo la mwenye uzi. Ghala la tofali nalo lilipumua: vitundu vya hewa usawa wa sakafu na vingine chini ya paa, vyenye wavu wa panya. Wakati wa kufunga viyoyozi huzibwa vyote. @TofaliLaBusoga vipo?

#24 TofaliLaBusoga
Vya juu vipo. Vya chini vilizibwa kwa tofali, alama zake zinaonekana nje.

#25 Kipimo
Wote mna sehemu ya haki, lakini hakuna aliyetaja chumvi.

Ghala lililokaa na panya, popo na mbolea lina naitreti ukutani. Chumvi hizo zinanyonya maji kutoka hewani, bila bomba wala ardhi. Chumvi ya kawaida inaanza kulowa hewa ikifika unyevu wa asilimia 75, na nyingine mapema zaidi. Ukuta unaweza kukauka miezi tisa ya mzee wa Tororo, mvua ikaja, ukalowa tena.

Namna ya kujua: toboa ukuta kwa kasi ndogo, chukua unga wa kina cha sentimita 1, 5 na 10, kimo tofauti. Pima uzito ukiwa mbichi, kausha kwa nyuzi 105, pima tena. Weka kwenye chombo kilichofungwa chenye sahani ya maji yaliyojaa chumvi ya mezani mpaka haiyeyuki tena. Hewa ya humo inakaa kwenye asilimia 75. Pima tena uzito baada ya siku chache. Unga ulioongezeka sana una chumvi. Chumvi ikiwa nyingi juu ya uso na kidogo ndani, ndiyo inayonyonya unyevu wa hewa. Sampuli mbichi zikiwa na maji mengi chini na kwenye kina kirefu, ni ardhi.

Na popo: kabla ya kusafisha darini lowesheni kinyesi kwanza na vaeni barakoa. Vumbi lake kavu linaleta ugonjwa wa mapafu.

#26 MtuWaTororo
Chumvi nakubali, lakini plasta ya chokaa ndiyo inayozipokea chumvi. Inaharibika yenyewe, unaibandua, unapiga nyingine. Simenti inang'oka na uso wa tofali.

#27 Kipimo
Ndiyo, mzee. Ila mwambie mwenye hoteli kwamba plasta ya kwanza ni ya kutupwa, asije akakudai.

#28 Nondo16
Kabla uzi haujapotea: sakafu za mbao. Mahindi ya kumwaga ni kilo 720 hivi kwa mita ya ujazo. Rundo la mita 1.5 ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Chumba cha hoteli hukadiriwa kilo 200 kwa mita ya mraba. Watu wakisikia hivyo wanaweka chochote. Tatizo ni mzigo wa mstari: ukuta wa tofali wa sentimita 15, kimo mita 2.7, ni karibu kilo 770 kwa kila mita, na ukikaa katikati ya boriti mbili mbao inalegea. Bafu lenye skridi (safu ya simenti ya sakafuni) ya sentimita 5 na vigae linaongeza kilo 130 kwa mita ya mraba, halafu maji yakivuja yanaozesha kichwa cha boriti ndani ya ukuta, pasipoonekana. Mnuko wa korido unaweza kuwa hapo. Choma bisibisi kwenye vichwa vyote vilivyo chini ya mabafu. Ikizama zaidi ya sentimita 1 kwa mkono, fungua.

#29 Mvule
Mvule hauozi kirahisi namna hiyo, Injinia.

#30 Nondo16
Moyo wake hauozi. Sehemu nyeupe ya nje inaoza kama mti mwingine wowote, na wapasuaji wa zamani hawakuitoa yote.

#31 TofaliLaBusoga
Nashukuru. Nitaanza na yasiyobomoa: chupa za Mvule, unga wa Kipimo, bisibisi. Mabomba nitayajaribuje bila kuvunja?

#32 FundiBombaMbale
Mafuta ya mnanaa. Funga matundu yote ya mabomba ya hewa, ya paani au darini, isipokuwa moja, mimina mafuta kidogo na ndoo ya maji ya moto kwa hilo moja, lifunge. Mtu mwingine azunguke vyumbani akinusa. Aliyemimina asiingie ndani, atanuka mnanaa kila chumba na mtavunja hoteli nzima. Fanyeni siku kavu, kisha rudieni mvua ikinyesha. Mkinusa mnanaa siku ya mvua pekee, mnajua nani alisema.

#33 MamaGunia
Na mkinusa mnanaa ukitoka sakafuni katikati ya chumba, mbali na bafu, hiyo si trapu. Bomba limepasuka ndani ya shimo la ndoo lililofukiwa kwa kifusi na pumba. Hapo tutakuwa sawa wote wawili, Fundi.

#34 FundiBombaMbale
Sitaki usawa na wewe Mama, nataka ushindi.

#35 Aber_Gulu
@TofaliLaBusoga kabla ya hayo yote, fungua vile vitundu vya chini chumba kimoja tu cha nyuma, weka wavu wa matundu ya milimita 6, na chumba cha jirani ukiache kilivyo. Havina gharama. Mvua iko karibu.

#36 Kipimo
Na kiyoyozi cha vyumba vyote viwili kiwe kimezimwa, vinginevyo kipimo hicho hakina maana.